Swali la Kumi na Nne

Wanafunzi wangu huniuliza kwa nini nikifika kwenye somo la kuchanganya mbinu sauti yangu inabadilika. Nawaambia ni vumbi. Kolwezi ina vumbi la kutosha kusingiziwa mambo mengi, na wao ni wapole, hawaulizi mara ya pili.

Somo lenyewe si gumu. Katika utafiti wa jamii kuna wanaohesabu na kuna wanaosikiliza. Anayehesabu anabisha hodi nyumba baada ya nyumba akiwa na maswali yaleyale, anakusanya majibu, anatoka na asilimia. Anayesikiliza anakaa na watu wachache kwa muda mrefu, anakunywa maji yao, anawaacha waseme wanavyotaka. Kuchanganya mbinu ni kuwakalisha hawa wawili wale sahani moja. Mwenzangu wa kazi, yeye wa kuhesabu, alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba hesabu inakuambia ni wangapi, na mazungumzo yanakuambia kwa nini. Alichora ubaoni maduara mawili yanayopishana, na pale yanapokutana akapaka chaki ya rangi. Mimi nilikaa mstari wa mbele nikimtazama kwa fahari. Duara la kushoto, la wanaosikiliza, lilikuwa langu.

Tulifahamiana chuo kikuu, Lubumbashi, tukigawana nakala moja ya kitabu cha takwimu kwa sababu hakuna kati yetu aliyeweza kununua yake. Yeye alikielewa, mimi nilikivumilia. Miaka ikapita, akawa baba wa ubatizo wa binti yangu wa pili. Jumapili baada ya misa alikuja kula bukari, ugali wetu, kwangu, akamsifu mume wangu kwa kupata mpishi, nami nikamwambia aoe wake basi, tupumzike. Nasema haya ili ieleweke kwamba simzungumzii mtu wa ofisi tu. Wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na nguo hii niliifua na kuipiga pasi kwa mikono yangu.

Kazi iliyotutenganisha ilitoka kwa kampuni moja ya madini. Sitaitaja, na wasomaji wa huku wasijisumbue kukisia. Kampuni ilikuwa inapanua shimo lake, na kartie moja, yaani mtaa, pembeni mwa mji ilikuwa njiani. Wakazi walikuwa wameambiwa kwamba huo ni mpango tu, wasiwe na wasiwasi, ila wasijenge chochote kipya. Akufukuzaye hakwambii toka. Kila familia ingepewa nyumba kwenye kilima kisicho na maji. Lakini chini ya kilima, kando ya mto, palikuwa na uwanda, na huko wangepewa viwanja wale ambao kazi yao ingevunjika kwa kuhamishwa. Nani ana kazi ya namna hiyo na nani hana, hilo lingetoka kwenye ripoti yetu. Kwa maneno mengine, sisi wawili ndio tungesema nani atapata mto.

Tulikubaliana nianze mimi. Wiki sita za kusikiliza, kisha yeye atengeneze maswali kutokana na nilichosikia, kisha wanafunzi wapite nyumba zote na tableti. Mwishoni tungeweka vyote pamoja. Ndivyo tulivyofundisha, na ndivyo inavyopaswa kufanywa.

Mama niliyemzoea kuliko wote kule alikuwa mjane anayekaribia miaka sitini. Mume wake alifia Mutoshi, kwenye shimo la kuchimba kwa mikono, akamwachia wajukuu wanne na nyumba ya matofali iliyo juu ya kijito. Kwenye kijito hicho ndiko wanawake wa kartie walikoosha mawe. Wachimbaji walileta mifuko ya udongo uliochanganyika na mawe, wanawake wakaumimina kwenye chekecho, wakauchezesha ndani ya maji hadi udongo uondoke na yabaki mawe ya kijani yenye shaba na yale meusi yenye kobalti. Walianza alfajiri, wakaacha jua linapokuwa kali, wakarudi tena alasiri.

Siku ya kwanza nilifika na daftari, kinasa sauti na viatu safi. Mama alivitazama viatu vyangu kwanza, halafu mimi.

"Hii biatu ni ya misa, mutoto yangu," akasema. "Vula, uingie mu mayi."

Nikamwambia nilitaka kumuuliza maswali machache tu.

"Hauulizake mutu mwenye kuinama. Inama kwanza, njo utauliza."

Nikaingia majini. Baada ya nusu saa mgongo ulikuwa unanidai talaka. Nilichezesha chekecho vibaya, mawe mazuri yakaenda na maji, na wanawake wakacheka mpaka mmoja akajikuta amekaa kijitoni na nguo zake zote. Lakini tangu siku hiyo hawakunyamaza nilipokuwepo. Kinasa sauti nilikifunga ndani ya mfuko wa sukari nikakitundika kwenye kichaka, nacho kikameza kila kitu: bei za mawe, wanunuzi wanaochezea mizani, ugomvi wa nani aoshe upande wa juu ambako maji ni safi, mtoto aliyezaliwa karibu kabisa na pale kwa sababu mama yake alitaka kumaliza mfuko wa mwisho.

Wiki ya tatu nilimkuta mama uani kwake, anachambua sombe, majani ya muhogo. Alikuwa ametoka majini muda si mrefu, kitenge bado kinachuruzika, vidole vimepasuka na kuwa vyeupe kwenye mikunjo. Nikaona sasa nimuulize rasmi, ili nipate maneno yake sawasawa.

"Mama, kazi yako ni nini?"

"Kazi?" Alinishangaa. "Mi sina kazi, mutoto yangu. Mi niko naikala tu."

"Na kule ku mayi, tunafanyaka nini?"

Akacheka. "Kule njo kujitafutia. Kazi ni ile bwana yangu alikuwa nayo zamani, kabla bamufukuze. Numero, sireni, posho kila mwezi. Ile njo kazi. Ya siye ni kuhangaika tu, batoto bakule."

Nilirudi nyumbani nikiwa kama niliyepigwa kofi, kwa sababu maneno yale, sina kazi, nakaa tu, niliyajua. Nimekua nayo. Baba yangu, aliyeletwa na baba yake kutoka Kasai akiwa mtoto wa mgongoni, alikuwa na kazi: namba yake ya mgodini tuliijua sisi watoto kabla ya kujua kuhesabu hadi ishirini. Mama yangu aliamka saa kumi alfajiri akakaanga mikate, akaiuza mbele ya shule, akarudi akalima mchicha na mahindi, akauza na hayo. Mwaka ambao kampuni ya baba ilisahau kulipa watu wake, na mwaka huo ulikuwa mrefu, ni mikate ile iliyotusomesha. Lakini kwenye karatasi ya shule, mahali palipoandikwa kazi ya mama, niliandika kwa mwandiko wangu mzuri: hana. Mama aliisoma, akasema mwandiko umenyooka. Huku kwetu neno kazi liliingia mgodini zamani likafunga mlango nyuma yake, na wanawake wakabaki nje.

Basi nilipoyaandika mazungumzo ya yule mjane ofisini, sentensi yake niliipaka rangi ya njano, na pembeni nikaandika: nzuri sana. Niliona nimepata ufunguo. Ukimuuliza mwanamke wa kijitoni kama ana kazi, atakujibu hana, na hatakuwa amekudanganya hata chembe. Ukimuuliza alifanya nini jana tangu kuamka, atakueleza siku nzima ya kuvunja mgongo.

Nilimpelekea mwenzangu. Huyu mtu ana akili, hilo sitamnyima. Alisoma ukurasa mmoja tu, akagongagonga kalamu kwenye meno kama afanyavyo akifurahi, akasema, "Hii njo sababu tunakuwaka babili. Mi peke ningeiangusha hii yote mu mayi."

Kisha akanionyesha hatari ambayo mimi sikuiona. Kwenye tableti, katika rasimu ya maswali tuliyokuwa nayo, swali la kumi na nne lilikuwa: Uko na kazi? Ukijibu ndiyo, tableti inakuuliza ni kazi gani, unaifanyia wapi, unahitaji maji, ungeweza kuifanyia mahali pengine. Ukijibu hapana, tableti inaruka maswali hayo yote na kutua kwenye la ishirini na tano. Imetengenezwa hivyo isipoteze muda wa watu. Tukakaa pamoja tukaandika swali jipya: Tokea asubui mpaka magaribi, unafanyaka nini, na chakula ya mu nyumba inatokaka wapi? Lilikuwa refu, nakubali. Lakini mtu yeyote wa Kolwezi angelijibu bila kusita. Mwenzangu akapiga meza kwa kiganja.

"Swali inageuka," akasema. "Nakupa neno yangu."

Siku mbili baadaye nikapokea simu kwamba mama yangu mkubwa amefariki mjini Kasaji. Nilikwenda msibani, nikakaa siku tisa. Mtandao wa simu ulikuja na kuondoka unavyotaka, na mimi sikuutafuta sana. Nilikuwa na kilio changu, na ofisini nilikuwa na mtu.

Niliporudi, sikupitia hata nyumbani. Nilishuka na mkoba wangu nikaenda moja kwa moja kwenye kartie, maana nilijua wanafunzi wameshaanza, na nilitaka kusikia swali letu likiulizwa. Nilimkuta binti mmoja mwenye fulana ya rangi ya machungwa amesimama mlangoni kwa yule mjane, tableti mkononi.

"Mama, uko na kazi?"

"Hapana, mutoto yangu."

Kidole kikabonyeza.

"Muko na choo ya kwenu, ao munachangia na majirani?"

Nilisimama pale njiani na mkoba wangu. Kutoka kazi hadi choo, pumzi moja. Kando ya mlango, chekecho la mama lilikuwa limeanikwa ukutani, bado linadondosha maji, na binti angeweza kuligusa kwa kunyoosha mkono. Hakuwa na kosa, alifundishwa kusoma kilichoandikwa. Mama aliponiona alifurahi, akanipungia mkono.

"Batoto yako beko banauliza muzuri!" akasema.

Nilimkuta mwenzangu ofisini, mikono ya shati imekunjwa, anapanga mafaili. Nilisahau hata salamu. Nilimuuliza swali letu liko wapi. Hakukwepa macho yangu, na hilo ndilo lililonidanganya.

"Ile yako ilikuwa murefu," akasema. "Banafunzi balikuwa banakawia ku kila nyumba. Na kampuni inataka swali ileile ya hesabu yabo ya kwanza, juu ya kulinganisha. Bilipofika pale, ningewaambia nini? Weye ulikuwa ku kilio."

"Ulinipa neno yako."

"Neno iko. Hesabu itasema yake, sura yako ya mu raporti itasema yake, na yako njo itafunga. Mutu akisoma raporti ataelewa. Si njo tunafundishaka hivi?"

Alikuwa ananipaka mafuta kwa mgongo wa chupa, na mimi nikanyoosha shingo nipakwe vizuri. Niseme wazi: nilitaka kumwamini. Ingekuwa mtu mwingine, ningepiga kelele mpaka mlinzi aje. Nikaenda nikaandika sura yangu, kurasa arobaini, na ndani yake nikaeleza neno kazi kutoka mizizi hadi majani, na siku za wanawake saa kwa saa, na kijito, na kwa nini bila mto hawana kitu. Nikampa. Akasema atapunguza kidogo tu, kampuni haisomi sana. Ukurasa wa mbele nilikuwa nimeshausaini, kama tulivyofanya miaka yote, ili yeye amalizie namba za kurasa bila kunisumbua.

Matokeo yalitolewa mbele ya wakazi kwenye ukumbi wa parokia. Viti vya plastiki, shuka jeupe ukutani la kuonyeshea picha, meza ya wakubwa yenye kitambaa na chupa za maji. Nilimlipia mama pikipiki ije imchukue, kwa sababu nilitaka awepo wakati maneno ya wanawake wa kijitoni yanasomwa mbele ya watu wa kampuni. Alivaa kitenge cha chama cha akina mama wa parokia, akakaa mstari wa pili, mkoba magotini. Alinitazama na kutabasamu kama mzazi aliyekuja kuona mtoto wake akipewa cheti.

Mwenzangu akaanza. Anazungumza vizuri, siku zote alizungumza vizuri. Akapitia idadi ya nyumba, idadi ya watoto, vyoo. Kisha akaonyesha duara lililogawanywa kwa rangi, na sehemu kubwa kabisa ilikuwa nyekundu: wanawake wasio na kazi. Asilimia yake naikumbuka, lakini sitaiandika hapa, maana nikiiandika kuna mtu ataichukua. Chini ya duara, ndani ya alama za nukuu, palikuwa na sentensi moja. Aliisoma kwa sauti, kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayesoma somo la misa.

"Mi sina kazi, mutoto yangu. Mi niko naikala tu."

Na chini yake: mjane, wajukuu wanne, karibu na kijito.

Katika kurasa zangu arobaini, ilikuwa imebaki hiyo tu. Sentensi ya rangi ya njano, imeng'olewa kwenye yaliyoifuata, imepachikwa chini ya hesabu kama ua kwenye koti. Wala jina halikuandikwa, tuliapa kwamba majina hayataandikwa, lakini kartie ina wajane wangapi juu ya kijito? Vichwa vya ukumbi mzima vikageuka kumtazama mama.

Mjumbe wa kampuni, mtu wa adabu kabisa, akauliza kama ina maana kwamba pale kijitoni hakuna shughuli ya kuzingatiwa. Mwenzangu akasema data zinaonyesha hivyo. Nikasimama. Nilisema sentensi imekatwa, nilisema wanaosha mawe tangu alfajiri, nilisema nimeinama nao kwa mgongo huu huu. Sauti yangu ilipanda kwa hasira, na hasira ikaniponza, kwa sababu nilianza kuonekana ndiye mwenye maslahi. Mjumbe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini, madame," akasema, "haya si maneno yao wenyewe?"

Hapo mkuu wa kartie akataka kusaidia. Akamgeukia mama. "Mama, haya maneno ni weye uliisema? Ao huyu mwalimu aliitunga?"

Nilimwona mama akifikiri. Duara lile jekundu hakujua linaamua nini, hakuna aliyemwambia. Alichokiona ni mimi nimesimama peke yangu, na watu wanauliza kama nimetunga uongo. Akaweka mkoba wake kwenye kiti, akainuka, akajifunga kitenge vizuri.

"Ni mi nilisema," akasema. "Yote njo vile. Huyu mutoto hasemake bongo, hadanganyake."

Ukumbi ukampigia makofi. Aliketi, akanitazama, akanitikisia kichwa kidogo nisiogope. Karani kwenye meza ya wakubwa akaandika.

Watu walipotoka kwenda kugawiwa Fanta na mkate, nilimfuata mwenzangu aliyekuwa anakunja waya wa mashine. Nilimuuliza amewezaje. Nadhani nilimshika shati.

"Hesabu haikusema bongo," akasema bila kupandisha sauti. "Baliulizwa, balijibu. Na ile nukuu ni ya nani? Fungua faili yako. Weye mwenyewe uliandika pembeni: nzuri sana." Akamaliza kukunja waya, akaufunga kwa mpira. "Tungebishana na kampuni, wangeleta wengine kutoka Lubumbashi, na hata kilima banamuke hawangepata. Utapoa. Kesho ni misa ya kwanza ao ya pili?"

Nilimwambia kesho asije kwangu, wala kesho kutwa, wala Pasaka. Binti yangu bado huuliza kwa nini baba yake wa ubatizo hafiki tena, na mama yake mtafiti, anayejua kuuliza watu mambo yao, humtuma dukani. Hasira nikaipeleka kwenye karatasi. Niliandika barua kwa kampuni, nikaandika nyingine kwa wakuu wa mji, nikaambatisha sura yangu yote. Jibu lilikuwa fupi: ripoti imepokelewa ikiwa imeidhinishwa na watafiti wote wawili. Waliambatisha na nakala ya ukurasa wa mbele wenye saini yangu. Saini yenyewe imenyooka.

Orodha ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi ya kartie. Uwandani kando ya mto walipewa viwanja fundi seremala, wawili wenye gereji ya pikipiki, mwenye baa aliyekuwa na kibali, na wengine wa namna hiyo, wote watu waliojibu kwamba wana kazi, wote wanaume. Mama alisomewa jina lake na mjukuu wake mkubwa: nyumba, kilimani. Mjukuu akatafuta kwenye safu ya pili, ile ya viwanja vya mtoni, akatafuta tena kuanzia juu. Haya niliambiwa na wale wanawake wa kijitoni. Mama mwenyewe hakunipigia simu, nami sikuwa na uso wa kumpigia.

Nilikaa miezi kadhaa. Nilijiambia niwaache watulie kwanza, nikajiambia barabara ya kule ni mbaya kipindi cha mvua, na mvua ilipokwisha nikajiambia mambo mengine. Halafu siku moja ya Jumamosi nikapanda pikipiki nikaenda. Sikubeba daftari wala kinasa sauti. Kilima ni chekundu, nyumba zimepangwa mistari, mabati yanang'aa mpaka unafumba macho. Magari makubwa ya kwenda Fungurume yanasikika kutoka kule juu, mto hausikiki. Mama alikuwa ameketi barazani. Kitenge chake kilikuwa kikavu. Aliniona tangu mbali, na nilipofika alikuwa ameshatoa kiti cha plastiki, amekifuta, amekiweka mbele ya chake.

"Karibu, madame," akasema. "Ikala."

Nikaketi. Niliulizia wajukuu.

"Beko muzuri."

"Na nyumba, mama? Haivuji?"

"Hapana."

"Mayi munatoshaka wapi?"

"Kule chini."

"Ni mbali?"

"Eyo."

Nilimwambia niliandika barua, nikamweleza jinsi sentensi yake ilivyokatwa, na saini yangu ilivyotumiwa. Nilimwambia kwamba rafiki yangu amenisaliti. Nilipotamka neno hilo mbele yake niliona aibu, nikaacha katikati. Alinisikiliza bila kuninyima uso, kwa heshima yote anayopewa mgeni wa ofisi.

"Mama, uko na kasirani na mi?"

"Hapana."

"Ulielewa mambo yote vile yalienda?"

"Eyo."

Nilingoja aendelee kupita ndiyo na hapana. Kule kijitoni ukimuuliza neno moja alikupa hadithi tatu, na matusi ya mapenzi juu yake, na mwishoni akakuuliza wewe. Sasa alikuwa amekaa wima, mikono juu ya mapaja, ananitazama kwa upole, akisubiri swali linalofuata.